Laptopu Yenye Kihenge Kikubwa

Jumamosi asubuhi, mbele ya kaunta ya duka moja la kompyuta mjini Dodoma, Loisi alifanya jambo ambalo miaka miwili iliyopita asingeliweza: alisoma. Aliweka kidole kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya laptopu ya kwanza, akazifuata tarakimu moja moja, kisha akahamia kwenye ya pili. Ya kwanza, ndogo na nyeusi, iliandikwa hifadhi 512. Ya pili, pana, yenye vitufe vilivyowaka taa nyekundu na za buluu, iliandikwa hifadhi 1000.

Mwalimu wake wa darasa la watu wazima kule Haneti, Mwalimu Hilda, angekuwepo angempigia makofi.

Laptopu ilikuwa ya kumnunulia Restuta, kifungua mimba wake, aliyemaliza chuo cha uchoraji wa majengo. Ofisi moja ya wachora ramani ilikuwa imempa hadi Alhamisi apeleke mchoro wa nyumba unaoweza kugeuzwa kwenye kioo na kuonekana pande zote. Akiupeleka, ataajiriwa. Asipoupeleka, yupo mwingine anayesubiri nafasi hiyo. Kompyuta yake ya chuoni ilikuwa imekufa, na Brighton, aliyesoma naye, alimshauri anunue laptopu ya gemu.

"Gemu?" Loisi alishtuka aliposikia kwa simu. Kwao Haneti, gemu ni ile mashine ya kandokando ya duka inayomeza sarafu za wanaume.

Restuta alicheka, akamweleza kwamba wacheza gemu na wachora nyumba wote huitwisha kompyuta mzigo wa aina moja, mzigo wa picha. Loisi hakuelewa vyema, lakini alimwelewa binti yake. Wiki hiyo hiyo maksai wawili waliokuwa wakivuta plau shambani kwake walipelekwa mnadani Chemba, wala hawakurudi.

"Shikamoo mama," alisema Damas, muuzaji, kijana mwenye miwani.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Hii ya taa ina elfu moja, ile ina mia tano na kumi na mbili. Iliyo bora si hii?"

"Inategemea na kazi, mama. Kama ni kazi ya…"

"Mama," Restuta, aliyesimama kando yake, aliingilia kwa sauti ya chini, "ile ndogo ina kadi ya picha ya peke yake. Hii haina…"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Wakubwa tunaongea."

Restuta aliinamisha kichwa. Loisi aliinyanyua laptopu pana kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, akaligonga bamba lake kwa kucha, kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mama, hiyo haina meno ya kukaguliwa!" Damas alitania, na wateja wawili wakacheka.

"Ingekuwa nayo ungenipunguzia bei," Loisi alijibu, naye akacheka. Moyo wake ulikuwa mwepesi. "Unaionaje, Resti?"

Aliuliza hivyo huku vidole vyake vikiwa tayari vimeanza kulifungua fundo la kanga lenye pesa.

"Kama wewe umeipenda, mama," alisema Restuta.

*

Chumba alichopanga Restuta kilikuwa Ipagala, na kilitosha kitanda, meza na ndoo ya maji. Loisi aliketi kitandani, akamtazama binti yake akiwasha laptopu, akipakia programu yake na kuufungua mchoro. Nyumba ilitokea kwenye kioo, nzuri, yenye varanda na paa la vigae. Loisi alitaka kupiga kigelegele.

Restuta akaigeuza. Nyumba ikakatika vipande, paa likabaki huku, kuta zikaenda kule, kisha kila kitu kikaganda. Feni ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Walisubiri. Restuta alijaribu tena, na safari hii kuta hazikutokea kabisa. Mara ya tatu programu ikajifunga yenyewe.

"Labda bado mpya," Loisi alisema. "Itazoea."

"Iko sawa, mama. Asante sana."

Asante ile Loisi aliijua. Restuta akiwa na miaka minane alipewa viatu vya binamu yake, akasema vinamtosha, akavivaa muhula mzima. Siku alipovivua, kucha mbili zilikuwa nyeusi.

"Niambie ukweli."

"Ulishanunua, mama."

"Sikuulizi kama nilinunua. Nakuuliza kama inafaa."

Restuta alivikazia macho vitufe vinavyowaka. "Ile elfu moja uliyoisoma ni nafasi ya kuwekea vitu," alisema. "Ni kihenge cha nafaka, mama. Kihenge chake ni kikubwa sana. Lakini nyumba hii haitaki kuwekwa tu, inataka kukokotwa, na inayokokota ni kadi ya picha. Kadi ndiyo maksai. Hii haina."

Akilini Loisi aliwaona maksai wake wawili wakishuka kwenye njia ya mnadani, na yeye nyuma yao na fimbo.

"Kwa nini hukuniambia pale?"

Alijutia swali hilo kabla halijamtoka lote. Binti angemsahihisha vipi mama yake mbele ya muuzaji na wateja, baada ya kuambiwa wakubwa wanaongea?

Katika darasa la Mwalimu Hilda, mtu akifika kwenye neno asilolijua husema kwa sauti, "Sijui," na darasa zima huitikia, "Tusaidiane." Loisi alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi bila haya, kati ya wanawake wenzake wenye vumbi miguuni kama yeye. Lakini pale dukani lilimkwama. Kwa mara moja tu alitaka kuwa mama anayesoma, na alizisoma tarakimu zote bila kosa. Kinachopimwa na tarakimu hizo ndicho ambacho hakukijua, na aliyekijua alikuwa amemnyamazisha.

Alisimama, akajifunga kanga upya. "Irudishe kwenye boksi lake. Twende."

"Hawatakubali, mama."

"Twende kabla hawajafunga."

*

Damas alipoliona boksi, alikunja uso, akaonyesha ukutani nyuma yake. "Mama, tangazo lile pale."

Loisi alilisoma kwa sauti, neno kwa neno. "Mali… ikishauzwa… hairudishwi." Kisha akasema, "Lilikuwepo asubuhi. Sikulisoma. Macho yangu yalikuwa kwenye elfu moja."

Mteja mmoja mwenye tai aliacha kuperuzi simu yake, akawatazama. Loisi aliendelea, kwa sababu alijua kwamba akinyamaza hapo hataweza kuanza tena.

"Mimi sikujua ninachochagua. Binti yangu alijua, nikamwambia anyamaze. Wewe hukunidanganya, kosa ni langu. Mbadilishie ile ndogo."

Damas alivua miwani, akaifuta. "Mama yangu, ile ndogo imeondoka saa saba mchana."

Restuta alishika ukingo wa kaunta.

"Ninayo moja iliyotumika," Damas aliongeza baada ya kusita. "Ina kadi. Lakini ni kuukuu. Nikikubadilishia na hii ambayo mmeshaifungua, bosi atanisema, basi atanisema tu."

Aliitoa chini ya kaunta. Ilikuwa na mikwaruzo, na kitufe kimoja kilikuwa hakipo. Restuta alichomeka flashi yake, akaufungua mchoro, akaigeuza nyumba. Feni ilinguruma kwa nguvu. Nyumba ikasitasita, kisha ikageuka: varanda, ubavu, nyuma, ubavu wa pili. Damas alipochomoa waya wa umeme, kioo kikazima papo hapo.

"Betri ndiyo hivyo," alisema. "Inaishi kwenye umeme."

Restuta alimgeukia mama yake. "Unaonaje, mama?"

Wote walimtazama.

"Sijui," Loisi alisema. "Wewe unaonaje?"

Restuta alizoea kujibiwa, hakuzoea kuulizwa hivyo mbele za watu. Ilimchukua muda kuinua kichwa. "Ramu yake, ile nafasi ya kufanyia kazi, ni ndogo. Nitachora chumba kimoja kimoja, kisha niviunganishe. Umeme ukikatika, kazi inapotea. Lakini kadi ipo." Akamgeukia muuzaji. "Kaka Damas, tunaichukua. Na utupe chaja yake yenyewe, siyo ya kufananisha."

"Huyu ndiye mwenye meno," Damas alinong'ona, akaenda kuitafuta.

Walitoka nje kwenye upepo wa vumbi. Restuta alilikumbatia boksi kifuani.

"Umeme ukikatika Jumatano nzima je, mama?"

Loisi alitembea kando ya binti yake kuelekea Ipagala, uso juu, akizifuata kwa macho nyaya za umeme kutoka nguzo moja hadi nyingine, kama anavyoyatazama mawingu ya Novemba akingoja mvua kule Haneti, ambako mwaka huu atalima kwa jembe la mkono.