Ukoka wa Hatua Sita

"Umezinyoa kipara, halafu unataka—"

"Sijazinyoa, nimezipunguza tu, Mama, na wewe na maji yako ya—"

"Umezipunguza mpaka udongo unaona haya! Jua lote hili, jani likikatwa mpaka shingoni litajifunika na nini?"

"—maji yako ya saa sita mchana! Unazichemsha!"

Ilikuwa saa tatu asubuhi, uani. Mume alishika mkasi wa nyasi, mke alishika mpira wa maji, na mbele yao nyasi zilikuwa zinahama. Shina moja lilijivuta kutoka ardhini, likakung'uta udongo mizizini, likajipanga nyuma ya mwenzake. Foleni ilipita chini ya uzio wa waya na kuingia kwa jirani. Hazikusukumana. Zenye machipukizi zilitangulizwa.

"Leo zimechelewa," mke alisema, hasira zikiwa zimempungua. "Jana mida hii zilishafika."

Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Futikamba, na yeye alilipenda jina hilo. Nyasi za mbele ya nyumba hazikumsumbua. Zilizohama ni za kando ya uzio peke yake, kipande cha upana wa hatua sita kutoka barabarani mpaka ukuta wa nyuma, na Futikamba alijua hizo hatua sita vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyezichukua. Miaka tisa iliyopita, wiki ileile fundi cherehani wa jirani alipomzika mumewe, Futikamba alilihamisha jiwe la mpaka mchana kweupe, amevaa kofia ya kazi, na mtu mwenye kofia ya kazi haulizwi swali. Mkewe alishika mkia wa futi. Aliambiwa "vuta", akavuta.

Fundi cherehani alipeleka malalamiko ofisi ya ardhi. Faili likazunguka meza kwa meza, likatua mezani kwa Futikamba mwenyewe. Aliandika: *Mpimaji ameridhika.*

Sasa ofisi ilikuwa inakuja Jumatatu kupima upya viwanja vyote na kutoa hati mpya. Kipande kikibaki kitupu, mpaka wa zamani utaonekana kama mshono. Futikamba aliapa kwamba kabla ya Jumatatu hapo mahali pataota, potelea mbali.

Alikuwa ameanza miezi miwili nyuma na nyasi za kununua, laini, zimekunjwa kama mazulia. Hizo hata kuhama hazikuwahi. Zilikauka siku ya tatu.

"Hizo ni za nchi ya baridi," mkewe alimwambia. "Hapa utazivisha nini, mwavuli? Hebu shika udongo huo. Ufinyange."

Akaufinyanga. Ukatoka kijiti kirefu kisichokatika.

"Mfinyanzi mtupu. Ukiloa unashika maji kama bakuli, ukikauka unapasuka kama kisigino. Changanya mchanga na samadi, halafu kapande ukoka wa hapo barabarani. Ule umezaliwa hapa. Shida zetu unazijua."

Futikamba alikuwa mkaidi, lakini mkaidi wa kusikia. Alilima shubiri moja kwenda chini. Alichanganya mchanga na samadi kwa mikono yake. Alipanda vipande vya ukoka kwa mistari, akamwagilia alfajiri, mara mbili tu kwa wiki, maji mengi ili mizizi ishuke kuyafuata. Ukoka ukashika kwa furaha. Ukanenepa. Na kwa vile ulikuwa na afya njema, ukaanza kutembea vizuri, kila asubuhi, kuelekea kwa jirani.

Aliufunga kwa waya wa kuku. Ukafungua. Aliuwekea matofali. Ukazunguka. Jumamosi aliweka kiti juu yake akakaa kutwa nzima na gazeti, na kufika saa kumi ukoka ulikuwa umembeba yeye na kiti chake taratibu mpaka usoni pa uzio.

"Karibu, shemeji," alisema fundi cherehani, akitema pini mdomoni. Alikuwa ameanika mashuka, na chini ya mashuka uwanja wake ulikuwa wa kijani mpaka mlangoni. "Za leo nimezipokea. Ila zile za nyuma zina mchwa. Kama unazileta, ziangalie kwanza."

"Sizileti mimi."

"Sawa, shemeji. Zinajileta."

Jumatatu alikuja ofisa kijana, ambaye Futikamba ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Foleni ya asubuhi ilikuwa njiani. Ofisa alinyanyua mguu mmoja, akausubirisha hewani hadi shina la mwisho lilipopita, kisha akaushusha. Aliangalia kipande kitupu. Aliangalia pale uoto ulipoishia, mstari ulionyooka kama wa rula.

"Mwalimu, nyasi zako zinaujua mpaka."

Futikamba alikohoa.

"Lakini nyasi siyo hati," ofisa akaendelea. "Mimi napima jiwe." Akapima jiwe lilipo, akaandika, akagonga mhuri juu ya goti lake.

Fundi cherehani alikuwa amesimama upande wake, futi yake ya kitambaa shingoni. "Andika tu, mwanangu," alisema. "Hata nguo iliyokatwa vibaya huvaliwa." Akarudi kwenye cherehani. Ofisa alifunga begi, akaenda kiwanja kinachofuata.

Futikamba alishusha pumzi kubwa. Hatua sita zilikuwa zake kwa mhuri. Alikunja mikono ya shati, akapiga jembe la kwanza pale pale.

"Mama! Lete samadi. Tunaanza upya. Safari hii tutapanda karibu karibu, shina hili lishikane na lile. Tuone nani mkaidi!"

Mkewe hakwenda kwenye samadi. Alikwenda kwenye uzio, akaushika waya kwa mikono yote miwili, ile ile iliyovuta futi. Cherehani ilinyamaza upande wa pili.

"Dada," mkewe aliita, "naomba unipe mahali pa kuweka kitanda. Kimoja tu."