Upepo Kwenye Breki

Jumamosi asubuhi kinyozi alilipandisha gari la marehemu baba yake kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akafungua magurudumu yote manne. Pedi za mbele zilikuwa zimelika hadi chuma na mipira ya mafuta ya breki imekauka. Alibadilisha kila kitu. Kilichobaki ni kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, na kazi hiyo inataka watu wawili.

Mkewe alikuwa ametoka, kwa makusudi. Kwa hiyo mama yake ndiye aliyeketi kwenye kiti cha dereva, mkoba wa safari mapajani. Alikuwa ameambiwa anakwenda kumtembelea binti yake, wiki moja, basi.

"Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shikilia, usiachie."

"Nimekulea wewe, nitashindwa na pedali?"

Kinyozi alianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na pedali, kama inavyotakiwa. Akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta. Mama akakanyaga, akashikilia. Nati ilipolegezwa viputo vilipanda, na kila kilipopasuka kilitoa maneno. Magari ya zamani ndivyo yalivyo. Upepo unaoingia kwenye breki ni pumzi za waliopanda.

"Unaendesha au unabembeleza?" kilisema kiputo cha kwanza.

Mama akacheka. "Baba yako huyo. Mdomo wake ndio haukuwa na breki."

Gurudumu la pili lilitoa sauti ya kinyozi alipokuwa mtoto: "Mimi nataka kukaa kwa mama." Kinyozi alijifanya anafuta spana. La tatu lilitoa ugomvi wa mkewe kuhusu dirisha. Kabla ya la nne akasimama.

"Inatosha, mama. Shuka."

Mama akakanyaga. Mguu ukazama. "Bado laini. Sipandi gari la hivi."

Kinyozi akapiga magoti tena. Alijua upepo uliobaki ni wa simu aliyopiga juzi humo ndani, vioo vimefungwa ili asisikike nyumbani.

"Kanyaga," alisema kwa sauti ndogo. "Shikilia."

"Dada, mimi nimechoka naye," kiputo kikasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Nitamwambia ni wiki moja. Akishazoea kwako, nguo zake nitazileta. Kitanda chake kuna mtu anakuja kukichukua Jumamosi jioni."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini pale palikuwa na saruji. Mguu wa mama haukuachia. Alikuwa ameambiwa ashikilie.

"Nikanyage tena?" aliuliza.

"Tena."

Maneno yaleyale yakarudi, yakififia, mpaka mafuta yakatoka bila upepo. Kinyozi akakaza nati.

"Achia, mama."

Pedali ilikuwa ngumu sasa. Magurudumu yaliporudishwa, mama akahamia kiti cha pembeni, akafunga mkanda, akaupakata mkoba wake. Kinyozi akawasha gari, wakaondoka. Njiani palikuwa na nafasi tele za kugeuza gari, na mwanawe aliziona zote.

"Breki zimekamata vizuri," alisema.

"Zimekamata, mwanangu."

Walipofika kwenye geti la dada yake, kinyozi alikanyaga mara moja tu. Gari likasimama palepale.