Mdhamini wa Modesta

Jumanne moja ya mwaka 1996, saa tatu asubuhi, kamati ya ajira ya chuo kimoja kipya pale Nyegezi ilikuwa inakunywa chai kwa maandazi kwenye chumba cha maktaba. Nje, kwenye benchi, Modesta alikuwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Miaka mitatu alikuwa amefundisha historia ya Wagiriki wa kale kwa kibarua. Sasa wafadhili wameleta nafasi ya kudumu, na kibarua kinaisha Ijumaa. Akiikosa, anatoka kwenye nyumba ya chuo, yeye na mama yake asiyeweza kutembea.

Mwombaji mwingine alikuwa Revocatus, shemeji wa mwenyekiti, mtu wa diploma ya ushirika.

Fomu ilitaka mdhamini anayeujua ujuzi wa mwombaji. Padri aliyemfundisha Modesta Kigiriki alishazikwa, basi akamwandika Nikandro, mpiga makasia wa Kigiriki aliyekufa mateka wa vita kwenye machimbo ya mawe ya mji wa Sirakusa, yapata miaka elfu mbili na mia nne iliyopita. Tangu masika Nikandro alikuwa anatoka ziwani kila Alhamisi na kukaa nyuma ya darasa.

Jumanne hiyo alikuja kwa ajili ya Modesta, wakaingia pamoja, yeye akichuruzika maji. Uso ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini na tano, lakini wajumbe walipiga hesabu ya umri wake, wakasimama mmoja mmoja kumwamkia shikamoo. Akaitikia. Kiswahili alikuwa amekiokota mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa wachuuzi wa dagaa.

Mwenyekiti, Mzee Josephat, akamuuliza anamfahamuje mwombaji.

"Vita vyetu anavijua kunizidi mimi niliyevipigana," alisema Nikandro. "Mimi niliona mgongo wa mwenzangu wa mbele, basi."

Wajumbe wawili wakaandika. Modesta akaona kalamu zinakwenda, akapumua.

"Barua ya balozi wako wa nyumba kumi iko wapi?" akauliza Mzee Josephat.

Nikandro akasema hana. Kule machimboni hakuna aliyeandika majina.

"Sasa baba, tutajuaje wewe ni wa wapi?"

Modesta akaomba muda, akapewa hadi saa sita. Alipanda mlima mbio, viatu mkononi. Balozi Ngosha alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Akasema huyo kijana anamwona akipita kila Alhamisi, hana ugomvi na mtu. Akafuta mikono, akaandika, akagonga mhuri. Modesta alirudi saa sita kasoro dakika tano.

Mzee Josephat aliisoma barua mara mbili. Akasema imekamilika, haina kasoro, akaiweka kwenye faili. Halafu akasema nafasi ameipata Revocatus, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa kamili tangu saa tatu. Nikandro akaombwa aendelee kuja Alhamisi, amsaidie mwalimu mpya. Barua yake si ipo?

Ijumaa mchana Nikandro na Ngosha walimbeba mama yake Modesta kwenye kiti hadi barabarani. Revocatus alikuwa mlangoni, ameshika ufunguo.

"Dada Modesta, samahani," alisema. "Ule mji walikofia wale mateka unatamkwaje?"

Modesta akamtajia, polepole, mara mbili. Revocatus akauandika kiganjani, akaingia ndani.