Sahihi ya Ijumaa

Barua pepe ya wakili iliingia Jumatatu asubuhi. Verna Kroeker akaisoma mara tatu, kila mara akitafuta mtego. Njia ya mafundi wa kigeni kupata ukaazi Kanada ilikuwa inabadilika. Mwajiri aliyetaka kumwombea fundi wake ukaazi wa kudumu kwa utaratibu wa zamani alitakiwa kutia sahihi fomu kabla ya Ijumaa saa kumi na nusu jioni. Atakayechelewa ataanza upya: karakana ikaguliwe, kazi itangazwe, foleni ipangwe. Chini kabisa wakili aliandika, "Mwajiri ajiulize ni fundi gani ambaye bila yeye kazi haiendi." Verna akaguna. Huyu naye ana lake, alijiambia.

Fundi mwenyewe alikuwa mmoja tu, Jerwin Palmares, Mfilipino wa Iloilo. Kwa miaka miwili alikuwa akichomelea trela za nafaka katika karakana ambayo Verna aliachiwa na marehemu mumewe, kwenye mji mdogo kusini mwa Winnipeg. Mkono wake ulikuwa safi, wakulima wakawa hawataki trela isipokuwa ya "yule kijana". Kibali chake kilikuwa kinaisha Juni. Bila sahihi ya Verna angerudi kwao. Akiipata, angemleta mkewe na binti yao wa miaka sita, aliyemwacha akiwa na minne. Hayo Verna aliyajua vizuri. Alijua na jingine: kibali cha sasa kilimfunga Jerwin kwake, ila ukaazi ungemfungulia mlango aende apendako.

Tuseme kweli, Verna alikuwa mtu wa kushuku hata mizani ya dukani. Lakini safari hii alikuwa na sababu. Fundi aliyemtangulia Jerwin alipata karatasi zake Jumanne, Alhamisi akawa Calgary, mji wa mbali magharibi, kwa mwajiri mwingine.

"Na huyu atafanya vilevile, shemeji," alisema Abe, mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kunywa kahawa ya watu. "Mpe karatasi uone. Utabaki unachomelea mwenyewe na hizo sindano zako za kufuma."

"Nyamaza, Abe."

"Mimi sina neno. Muulize tu anaongea na nani kila siku saa nne kule nyuma."

Ni kweli, kila mapumziko Jerwin alikwenda nyuma ya karakana na simu, akaongea kikwao na kucheka. Jumatano Verna alisimama nyuma ya mlango na kikombe chake mpaka kahawa ikapoa. Katika maneno yote aliambulia moja tu: Calgary. Aliona haya kusikiliza mazungumzo ya mtu, lakini hakuondoka.

Alhamisi akamwita ofisini. Walikuwa hawajazoea kukaa uso kwa uso. Siku zote walipigiana kelele, yeye mlangoni na Jerwin ndani ya kofia yake ya kuchomelea, kisha kila mtu akaendelea na yake.

"Nikisaini, Jerwin, utakaa hapa?"

Jerwin akanyanyua nyusi na kutabasamu. Verna akangoja. Hakuna neno.

"Nakuuliza swali la maana. Utakaa, au utaniacha kwenye mataa?"

Nyusi zikapanda tena, safari hii karibu ziguse nywele.

"Asante sana, Madam," alisema Jerwin, akarudi kwenye trela yake akiimba.

Damu ya Verna ikachemka. Asante ya nini? Kwao, watu wa kanisa la Mennonite, ahadi hutamkwa kwa mdomo, na asiyetamka hajaahidi. Huyu alikuwa anamcheka. Ijumaa akaifungia fomu kwenye droo, akaenda nyumbani mapema. Saa kumi na nusu ilimkuta anakanda unga wa vareniki, vile vitumbua vya kuchemsha vya jibini, na moyo wake ukawa mwepesi kama wa mtu aliyeponea wizi.

Jumamosi alikwenda dukani. Kwenye kaunta alikuwapo Luzminda, Mfilipino aliyeishi pale miaka mingi.

"Soseji za moshi zipo bado?"

Luzminda akanyanyua nyusi na kuchongoa midomo kuelekea kwenye friji.

"Nimekuuliza, Luzminda. Zipo au hazipo?"

"Si nimekujibu, dada Verna? Zipo."

"Umenijibu lini?"

"Nimenyanyua nyusi!" Luzminda akacheka. "Kwetu hiyo ni ndiyo. Hata mume wangu nilimkubali hivyohivyo, sikufungua mdomo."

Verna akashika ukingo wa kaunta.

"Na mtu akinyanyua mara mbili?"

"Basi huyo ameapa. Kama Jerwin wako. Juzi jioni alikuja hapa, furaha tele, akanunua viatu vya theluji vya mtoto. Nikamwambia subiri kwanza. Akasema, Madam kaniuliza kama nitakaa, nimemkubalia. Kuna mtu wa Calgary anamsumbua kila siku na kazi, amemkatalia."

Verna akatoka bila soseji.

Jumatatu akampigia wakili, akaambiwa mlango umefungwa na kuanza upya hakutafika kabla ya Juni. Akaenda karakana, akamwashiria Jerwin azime mashine.

"Sikusaini," alisema.

Jerwin akavua kofia. "Kwa nini, Madam?"

"Nilikuuliza kama utakaa. Nilidhani hukunijibu."

"Nilikujibu mara mbili."

"Najua. Nimejua juzi. Nisamehe."

Jerwin akatazama trela zilizopangwa uani. "Na hii miaka miwili, Madam? Hii haikuwa jibu?"

Jerwin akavaa kofia yake na kumalizia kiungo alichokuwa akichomelea, kwa sababu mwenye trela angeifuata jioni.

Alhamisi akaleta karatasi ya kuomba ruhusa ya siku mbili kwenda Calgary. Yule mtu wa huko alikuwa amekubali kumwombea ukaazi kwa utaratibu wa jimbo la kule, ambao ulikuwa bado wazi. Abe, kikombe mkononi, akaichungulia karatasi.

"Si nilikwambia, shemeji? Calgary!"

Verna akamwambia aweke kikombe chini na atoke. Kisha akachukua kalamu, akasaini ruhusa ya Jerwin bila kumuuliza swali hata moja.