Kitawi cha Kuiba

Tangu ahamie ghorofa ya tatu, Nidia Etcheverry alikuwa ameshaua mimea minne, na binti yake alikuwa anaihesabu.

"Jeranium ya kwanza, jeranium ya pili, begonia, halafu lile waridi la jirani yako Doña Chola," Fabiana alisema kwenye simu kutoka Montevideo. "Mama, jeranium haifi hata ukiitukana! Kama hiyo imekushinda, wewe mwenyewe utajitunzaje? Njoo ukae na mimi, yaishe."

Hasira hasara, nasi tunajua. Nidia alikuwa na miaka sitini na tisa, mjane, na nyumba yake ya zamani aliiuza kwa sababu ya magoti tu; huku ghorofani kuna lifti. Mji wa Mercedes hakuwa na nia ya kuuacha, sembuse kwenda kukaa kwenye kile chumba cha Fabiana kinachotazama ukuta wa jirani kule mji mkuu.

"Sikiliza," alisema. "Ukija Desemba ukakuta mmea hai kwenye roshani yangu, niliopanda mwenyewe, habari za kuhama hunitajii tena. Usipoukuta, nafunga mizigo."

"Umesema mwenyewe!" Fabiana alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa mkao wa kula.

Nidia aliijua sababu ya vifo vile. Mimea yote minne ilikuwa zawadi za majirani, naye kwa adabu zake alisema asante kila mara. Marehemu mama yake angemzaba kibao. Mmea haushukuriwi, ukiushukuru unanyauka. Na unaoshika kuliko yote ni ule wa kuiba. Mjini Mercedes kuna akina mama wasiokosa misa hata Jumapili moja, lakini ukiwapekua mikoba wakitoka matembezini utakuta vitawi vya watu.

Basi Jumapili moja ya Oktoba alikunja gazeti lililoloweshwa maji, akalitia mkobani, akaenda bustani ya manispaa.

Watu walikuwa wamejaa. Kila familia na chupa yake ya maji moto kwapani, wakipokezana chai chungu ya kunyonya kwa mrija chini ya maua ya zambarau yaliyoning'inia kama mashada ya zabibu. Waridi zilikuwa zimefumuka zote kwa pamoja, bila aibu. Wazee wawili walibishana kama nyekundu ya mwaka jana ilikuwa nyekundu zaidi. Nidia alipita polepole, akafurahi hasa, hata akasahau kwa dakika kadhaa kwamba alikuja kuiba. Halafu ikamfikia harufu ya asumini.

Ilikuwa imepanda juu ya tao la chuma mwisho wa njia, nyeupe tupu. Nzuri zaidi zilikuwa ndani, nyuma ya kamba yenye kibao cha kukataza kuchuma. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Nidia aliinama, magoti yakilia. Akakata kitawi kwa ukucha.

"Za mwizi ni arobaini, Doña Nidia."

Alikuwa Wilmar, mtunza bustani, yule aliyewahi kumfokea mke wa mkubwa mmoja wa mji kwa ajili ya ua moja tu. Alikuwa amesimama na toroli lake, akitazama vidole vya Nidia vilivyolowa utomvu wa asumini ya huko, mweupe kama maziwa.

"Arobaini?" Nidia alisema, uso ukimwaka. "Mimi hii ni ya kwanza!"

"Kibao umekisoma?"

"Sina miwani."

Wilmar aling'ata midomo asicheke. "Na hicho ulichokata hakitashika. Kichanga mno. Twende kibandani, mama, nina asumini kwenye kopo, imeshaota mizizi. Nakupa."

Nidia alitamani kulia. Mmea wenye mizizi, bure, na Desemba hiyo inakuja! Lakini alitikisa kichwa. "Ukinipa, itakufa. Nimeshapewa minne." Akamweleza yote, kuanzia dau na binti yake mpaka chumba cha kutazama ukuta. "Nikikosa safari hii, mwanangu, utanisikia nimehama."

Wilmar alijikuna kisogo. Yeye naye alilelewa na bibi wa mji huo huo.

"Mimi nakwenda kufunga bomba la kule chini," alisema kwa sauti kubwa. "Bomba lenyewe bovu, linanichukua dakika tano. Mkasi huu nauacha hapa torolini. Mtu mwenye akili angekata chini ya kifundo, tawi lililokomaa kidogo, lisilo na maua. Lakini mimi sijasema kitu."

Akampa mgongo akaenda zake. Nidia aliiba kama alivyofundishwa. Alipopita karibu na bomba, neno asante lilimfika kooni. Akalimeza.

"Siku mbaya, Wilmar," alisema.

"Mbaya sana, Doña Nidia."

Fabiana alifika Jumamosi ya pili ya Desemba na maboksi matupu ndani ya gari. Alibeba moja chini ya kwapa, akaenda moja kwa moja roshani. Kwenye kopo kulikuwa na kile kitawi cha kuiba, kirefu kama kidole, majani sita, mawili yakiwa mapya.

"Ndiyo hiki?"

"Hicho hicho."

Fabiana akakishika, akakivuta. Nidia alifumba macho. Kwa wiki nane alikuwa amejizuia asifanye hivyo. Kitawi hakikung'oka.

"Kimeshika," Fabiana alisema. Akaketi kitini, akaanza kulia.

"We, umeshindwa, hujafiwa!"

"Nimeshakipaka rangi chumba chako, mama. Njano. Dirisha nimelihamishia upande wa mtaani." Alijifuta kwa kiganja. "Tangu mwanangu Bruno aende Hispania ile nyumba kimya. Nikitoka kazini nawasha redio jikoni, angalau kuwe na mtu. Asiyeweza kukaa peke yake si wewe. Ni mimi."

Nidia aliona haya. Miezi miwili alikuwa analea silaha ya kumpiga nayo mwanawe.

"Mjinga wewe," alisema, akikikumbatia kichwa cha binti yake. "Si ungesema hivyo? Unanihesabia maiti za jeranium!"

Fabiana alicheka, makamasi yakimtoka.

"Dau ni dau, sihami," Nidia alisema. "Lakini Juni hapa ni baridi tupu, bustani haina hata ua moja. Juni nakuja kwako. Septemba unanirudisha, hata niipende vipi hiyo njano yako."

"Na asumini?"

"Tunakuja wote."

Fabiana alilichukua lile boksi, akalisimamisha kando ya kopo kupima kama litatosha.

"Hilo dogo," Nidia alisema. "Mpaka Juni itakuwa imekua."