Kitambaa cha Seva

Vumbi la Kitengela halibishi hodi, na Musila, fundi wa kompyuta katika ofisi ya upimaji ardhi ya Wahome, alilichukia kweli kweli. Ndipo akamwomba Phylis, karani wa ofisi, aifumie seva, kompyuta iliyohifadhi kazi zote za ofisi, kitambaa, kama vile redio na makochi ya nyumbani yanavyofunikwa.

"Fuma nzito, vumbi isipite," alimwambia.

Phylis akakifuma kizito, cha manjano, chenye maua pembeni. Musila, pamoja na cheti chake cha Nairobi, akaifunika mashine mpaka matundu yake ya kupumulia, akajiona mjanja.

Februari ya mwaka 2004 jua lilikuwa kali. Seva ikaanza kugongagonga ndani, kisha ikanyamaza. Diski ilikuwa imekufa kwa joto, na ramani za ploti zote za Kisaju na Isinya zilikuwa humo.

"Nani alifunika hii mashine?" Wahome akauliza.

"Ni mimi nilifuma," Phylis akasema, akamtazama Musila.

Musila akainama kupanga nyaya ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Hizo ramani zikipotea, Phylis, utaenda nyumbani," Wahome akasema.

Musila akaipeleka diski Nairobi, ambako fundi aitwaye Achola alihangaika nayo mpaka akazipata ramani karibu zote. Akamshauri Musila asinunue diski moja kubwa. Achukue mbili ndogo zinazohifadhi kitu kilekile, moja ikifa nyingine ibaki nacho. Musila akakubali.

"Na hii iliuawa na nini?" Achola akauliza.

"Kuna mama wa ofisi alifunika seva na kitambaa."

Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na bado hakulirudisha neno. Mficha uchi hazai, nayo aibu ya Musila ilizidi kukua kadiri alivyoificha.

Aliporudi na kuzifunga diski mpya ndani ya seva, ramani zikafunguka, Wahome alimpiga begani kwa furaha. Phylis akaja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Asante, Musila. Umeniokoa. Hata watoto nimewaambia wakuombee." Akainamisha kichwa. "Unisamehe. Kumbe nilifuma nzito sana."

Wahome alikuwa palepale, akitabasamu. Musila alifungua mdomo, na kwa kitambo alidhani kweli atasema.

"Usijali," akamwambia.