Kwa Manufaa ya Mtoto Peke Yake

Kinyozi alikuwa ameshika wembe shingoni mwa mteja alipomwona mama wa mtoto wake akipita upande wa pili wa barabara, kichwa kimesukwa. Si kusukwa hivi hivi. Zilikuwa nywele nyembamba zilizoshuka hadi kiunoni, kazi ya kutwa nzima, na mtu anayekula kwa nywele hadanganyiki kwa nywele. Alimaliza kunyoa, akampaka mteja spiriti, akampangusa mabega kwa taulo, na muda wote huo alikuwa anapiga hesabu za saluni kichwani. Mteja naye, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akatazama nje kupitia kwenye kioo akasema, "Shemeji kapendeza. Matunzo yanamkubali." Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi akacheka nao, lakini roho ilikuwa imeshamchafuka.

Walikuwa wameachana kwa amani, kama kuna kuachana kwa amani. Yeye alibaki na duka la kunyolea na kitanda chake nyuma ya pazia. Mwenzake, mshonaji, alibaki na cherehani, chumba cha kupanga, na binti yao ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo. Jina lilitokana na kukulia chini ya meza ya cherehani, akiokota vifungo na kuvitia mdomoni. Kifungo cha shati, baba yake alipenda kuwaambia wateja, si cha jela. Kila mwisho wa mwezi kinyozi alipeleka matunzo ya mtoto mahakamani, hata miezi ile ambayo wanaume wote wanaonekana kuamua kufuga nywele kwa mpigo. Kwa hilo hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Ndiyo maana zile nywele zilimkera. Yeye anakunywa chai kavu, kumbe mwenzake anasukwa!

Basi akaenda kwa hakimu. Hakimu alikuwa mama mpole mwenye mafua yasiyoisha, na kila alipotaka kusema jambo la maana alipenga kwanza. Kinyozi alieleza kwamba hakuja kuomba apunguziwe, asije mtu akamwita bahili. Alitaka tu pesa ya mtoto imfikie mtoto. Mshonaji, upande wa pili, akasema nywele alisukwa na jirani yake msusi, naye akamshonea jirani magauni ya wanawe, hakuna hata senti iliyotoka mfukoni. Hakimu akasema hilo ni jambo jema la ujirani lakini halimo kwenye shauri. Akamwagiza karani aandike kuwa matunzo yatatumika kwa manufaa ya mtoto.

Kinyozi akanyoosha mkono. Aliomba waongeze: peke yake.

Hakimu alimtazama karani, karani akamtazama hakimu. Hakuna aliyeona ubaya wa maneno mawili madogo namna hiyo. Yakaandikwa, yakagongwa muhuri, na kuanzia jioni ile pesa ikatii.

Kinyozi alilisikia kwanza kwa Kifungo mwenyewe, Jumamosi moja alipokuwa amempeleka kunywa soda. Mtoto alimwambia kwamba mama siku hizi anakaa gizani. Baba mtu akadhani ni mambo ya kitoto. Lakini alipomrudisha jioni na kuingia naye chumbani, aliona taa ikimwakia Kifungo peke yake. Mwanga ulimshika utosini, ukamfuata hadi kwenye beseni alikonawa mikono, ukamfuata hadi mezani, ukatulia naye juu ya daftari la shule. Kwingine kote kulikuwa giza tupu. Sauti ya mshonaji ikatoka kwenye pembe ya chumba, ikamkaribisha, ikamwambia kuna kigoda mkono wa kushoto aangalie asijikwae. Kinyozi akapapasa, akakaa. Naye pia taa haikumwakia.

Mshonaji alimweleza yote bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni maji yalipo. Umeme ulilipwa kwa matunzo, ndiyo hivyo. Unga nao ulinunuliwa kwa matunzo, kwa hiyo uji ulimshibisha Kifungo, na ukiingia kinywani mwa mama mtu ulikuwa kama kumeza hewa. Alijaribu kununua unga wake mdogo, lakini gesi ilikuwa ya matunzo, na sufuria yake ilikaa juu ya moto mpaka akachoka, maji yakiwa baridi vile vile. Sabuni haikutoa povu akijiogesha mwenyewe. Akifua sare ya shule ya Kifungo ilitoa povu mpaka linamwagika. Jirani msusi alikuwa amemwambia ashukuru, maana nyumbani kwake yeye sabuni yenyewe ya kumtolea mtu povu haipo kabisa.

Kodi ya chumba walikuwa wakichangia, nusu kwenye matunzo na nusu kwenye cherehani, kwa hiyo paa lilimkinga mshonaji nusu. Mvua kubwa ikinyesha nje, ndani alipata rasharasha. Alikuwa ameizoea. Kilichomuuma ni kazi. Zamani alishona mpaka usiku sana, sasa jua likizama ndiyo basi, na wateja hawasubiri. Kifungo alikuwa amejifunza kumtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu chochote kilichokuwa mikononi mwake kilionekana. Alitunga sindano nyingi, akazichoma kwenye kipande cha sponji, akampelekea mama gizani moja moja.

"Unamwona mama yako?" kinyozi akamuuliza.

"Namsikia," Kifungo akasema, akaendelea kuandika.

Mvua ilikuwa imenyesha wakiongea, na kinyozi alitoka pale amelowa mabega kwa rasharasha. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari kuhusu watu wanaojipamba kwa jasho la wenzao. Aliyameza yote. Alimpenda yule mwanamke zamani, na hilo alikuwa amelifukia vizuri chini ya kesi. Sasa lilifukuka lote, likamkalia moyoni hapo hapo barabarani.

Kesho yake alifunga duka, akarudi mahakamani kuomba agizo lirekebishwe. Hakimu akapenga. Akamuuliza kama mtoto ana njaa. Hana. Kama mtoto yuko gizani. Hayuko. Kama mtoto ananyeshewa. Hapana, mheshimiwa, ni mkavu kabisa. Hakimu akamweleza taratibu kwamba sheria humtazama mtoto, na mtoto yuko salama. Mshonaji ni mtu mzima mwenye kazi yake. Akaongeza kuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na maagizo ya mahakama yanayotekelezwa namna ile ni ya kuhesabu kwa vidole. Akampongeza.

Kinyozi alirudi dukani, akanyoa vibaya siku nzima. Mteja mmoja alitoka na kiraka juu ya sikio akalalamika mpaka akanyolewa kipara. Katika kunyoa kile kipara ndipo wazo lilipomjia, na lilionekana wazo zuri mno. Mshonaji anabanwa na kodi. Kila anachopata kwenye cherehani kinaenda kwa mwenye nyumba. Je, kinyozi akiibeba kodi yote yeye? Hapo yule mama atabaki na chake, atajinunulia taa yake, gesi yake, unga wake wa kumshibisha. Alikwenda kwa mwenye nyumba wakapatana, akapitia mahakamani wakaiongeza kodi nzima kwenye matunzo. Akauza mashine yake moja ya kunyolea ili aanze vizuri. Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Jamani, alikuwa na nia njema kabisa.

Asubuhi mshonaji alitoka kuteka maji, na alipogeuka na ndoo hakuweza kuingia tena.

Mlango ulikuwa wazi. Kifungo alikuwa amesimama ndani amevaa sare, begi mgongoni, anasubiri chai. Mama mtu alinyanyua mguu kuvuka kizingiti, na mguu ukashuka pale pale ulipotoka. Akajaribu kinyumenyume, akajaribu kwa ubavu. Majirani wakaja na mashauri yao. Mmoja akasema aingie amemshika mtoto mkono. Wakafanya hivyo, mtoto akapita, mama akabaki nje mkono umemwelea hewani. Cherehani ilikuwa tayari iko barazani, kwa kuwa ilikuwa yake, na nguo zake zilikuwa zimekunjwa juu yake, nadhifu tu. Chumba chote sasa kilikuwa cha matunzo. Mshonaji akaweka ndoo chini, akamwelekeza Kifungo kupitia dirishani namna ya kuwasha jiko asijiunguze.

Habari zilimfikia kinyozi kabla hajafungua duka. Hakwenda kwanza kwa mshonaji, aliona haya. Alikimbilia mahakamani, na pale dirishani alimkuta karani peke yake, anakula mkate. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta makombo kwenye kidevu.

"Ungesema 'mtoto tu', ndugu yangu, labda tungekuwa na pa kushika," alisema. "Wewe ulitaka 'peke yake'. Sasa yuko peke yake."

Kuhusu kuiondoa ile kodi, karani alimwambia itabidi afungue shauri jipya la kupunguza matunzo, na baba anayetaka kupunguza matunzo ya mtoto anayetunzika vizuri hana sababu ya kumpa hakimu. Akiacha kulipa kwa hiari yake, watamfuata na pingu. Karani alisema haya kwa huruma. Alimkatia hata kipande cha mkate.

Ndipo, alasiri ile, kinyozi akaenda. Alimkuta mshonaji barazani anashona, jua limempiga usoni, midomo imekauka. Nywele alikuwa ameshazifumua, zimefungwa kitambaa. Alimsogezea ndoo aikalie. Cherehani iliendelea kulia, na ndani Kifungo alikuwa akijisomea hesabu.

Kinyozi alisema ameamua. Ataacha kulipa, na liwalo na liwe, wakitaka kumfunga wamfunge, lakini chumba kirudi kuwa nusu kwa nusu.

Mshonaji alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Wakikufunga, yeye atakula nini? Mimi hiki ninachoshona hakilishi watu wawili. Lipa, Baba Kifungo."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Alimweleza pia kwamba Kifungo alitaka wahamie wote barazani, akatoa na mto wake. Alimrudisha ndani. Ofisa wa ustawi wa jamii hupita bila taarifa, akimkuta mtoto analala nje ataandika kuwa hatunzwi, na watamchukua. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa mshonaji, si mvua wala njaa. Hapa barazani angalau anamsikia akikohoa. Aliposema hivyo kinyozi alilia, mtu mzima na ndevu zake, na waliokuwa wanapita wakamsalimia huku analia wakaendelea na safari zao.

Mwisho wa mwezi akalipa.

Ofisa wa ustawi alikuja wiki iliyofuata, kijana mtanashati mwenye viatu vya kung'aa. Kinyozi alikuwepo, maana siku hizo alikuwa akifunga duka mapema ili aje kukaa juu ya ndoo. Ofisa alibisha hodi, akaingia bila shida yoyote, yeye akiwa amekuja kwa ajili ya mtoto. Walimwona kupitia dirishani akifungua mitungi, akibonyeza godoro, akitazama juu kwenye paa. Alimuuliza Kifungo kama anakula. Anakula. Kama analala. Analala. Kama kuna kitu anahitaji. Kifungo alionyesha dirishani kwa kidole. Ofisa akatazama, akawaona, akatabasamu nao, akasema dirisha ni zuri, linaingiza hewa ya kutosha.

Alipotoka alimpa kinyozi mkono. Alisema ameona vyumba vingi na baba wengi, na laiti wote wangekuwa hivi. Kisha akageuka, akatazama cherehani na kiti na kile kifurushi cha nguo, na mshonaji katikati yake.

"Samahani, mama, ila hapa umeziba mlango wa mtoto. Kukitokea moto atapita wapi?"

Kinyozi akamwambia huyo ndiye mama yake.

Ofisa akasema anajua. Aliomba radhi tena, kwa adabu, na kweli alionekana kuona vibaya. Lakini akabaki amesimama akisubiri.

Mshonaji akakata uzi kwa meno. Alikunja gauni alilokuwa akishona, akaliweka begani, akashika cherehani upande mmoja. Ilikuwa ya chuma, nzito. Kinyozi akashika upande wa pili, wakainyanyua pamoja, wakashuka nayo ngazi za baraza polepole hadi uani, pasipo na paa la mtu yeyote.

Kifungo alikuja mlangoni. Aliuliza wanakwenda wapi.

"Hapa hapa tu, mama," mshonaji akamwambia. "Rudi ndani."